Ikivunjika, nani ataitengeneza?

Kwenye mzunguko wa Chukudu, katikati ya mji wa Goma, iko sanamu ya rangi ya dhahabu: mwanaume na chukudu yake. Ilizinduliwa mwaka 2009, wakati wa Rais Joseph Kabila. Kwa miaka mingi wamepita pale vijana wenye kompyuta mgongoni, wakienda kwenye saluni za mikutano kandokando ya Ziwa Kivu, kushindania pesa za «uvumbuzi». Wengi hawainui macho. Wangeinua, wangeona kitu ambacho watu wa Kivu walikibuni wenyewe, wakakiuza, wakakitumia zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyehitaji semina ili akubali kukinunua.

Kwa upande mwingine, orodha ya vitu vilivyozinduliwa mjini kisha vikasahauliwa ni ndefu. Mbabula za kupunguza makala. Taa za jua. Vichujio vya maji. Programu za simu za kumuunganisha mkulima wa Masisi na mnunuzi wa Goma. Kila kimoja kilikuwa na siku yake: hema, viti vya plastiki, muziki, hotuba ya mkubwa, fulana zenye maandishi, picha. Pita mwaka mmoja baadaye kwenye avenyu ileile. Mbabula imepandwa vitunguu. Kichujio kimekuwa ndoo ya kufulia. Taa ni mchezo wa watoto. Programu imebaki kwenye simu ya aliyeitengeneza. Fulana peke yake ndiyo bado inafanya kazi.

Wahusika wana maelezo, na yanarudi kila mara: watu hawajaelimishwa, desturi ni ngumu kubadilisha, vita vimeharibu kila kitu. Vita vimeharibu mengi, hakuna anayebisha. Lakini vita havikumwambia mtu yeyote atengeneze mbabula inayopinduka wakati mama anasonga fufu.

Hiyo mbabula inafaa kuangaliwa kwa karibu. Sababu ya kuitafuta ni nzuri sana. Makala mengi yanayowaka Goma yanatoka kwenye miti ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925, na kila mfuko unaoingia mjini unaipunguza. Nyumbani, makala ni gharama ambayo mama anaihesabu kila asubuhi. Mbabula inayokula nusu ya makala ingekuwa baraka kwake na kwa msitu. Basi wataalamu wanaitengeneza, na kabla ya kuileta wanaipima. Kipimo kinachojulikana zaidi duniani ni kuchemsha maji: sufuria, maji, saa, kipimajoto, mizani ya kupima makala. Mbabula inafaulu, namba zinaandikwa kwenye ripoti.

Maji hayasongwi. Fufu inasongwa. Mama anakaa kwenye kiti kifupi, anaibana sufuria isikimbie, anashika mwiko kwa mikono miwili na kusukuma kwa nguvu ya mabega. Mbabula nyepesi yenye miguu membamba inatikisika, na watoto wako pale pembeni wanangoja chakula. Halafu kuna maharagi, ambayo yanataka moto wa masaa matatu bila kuguswa, wakati mbabula mpya ina tumbo dogo linalotaka kulishwa kila mara. Halafu makala yenyewe: yanauzwa yakiwa vipande vikubwa na vidogo pamoja, na mdomo wa mbabula unapokea vidogo tu, kwa hiyo mama anakaa kuyavunja kwa jiwe huku vumbi jeusi likimwingia kooni. Siku moja sufuria inapinduka. Jioni hiyo mama anarudi kwenye mbabula yake ya zamani ya bati, iliyogongwa na fundi wa mtaani. Kwenye ripoti ataandikwa kuwa hakuelimishwa vya kutosha. Ukweli ni kwamba yeye ndiye pekee aliyeifanyia mbabula ile kipimo kamili.

Mbona hakusema mapema? Hapa kuna jambo ambalo kila mkaaji wa Goma analijua na kila mwenye mradi anajifanya halijui. Mgeni akifika na zawadi, hautukani zawadi. Kijana mwenye daftari anauliza: «Mama, mbabula hii unaionaje?» Mama anajibu: «Iko muzuri, aksanti sana.» Angejibu nini kingine? Kijana amevaa gile ya shirika, amekuja kwa motari, amevuka matope, na pengine kesho ataleta unga au sabuni. Jibu hilo ni heshima. Kuligeuza kuwa asilimia ya «wateja walioridhika» ni kujidanganya, na ni kujidanganya kunakolipwa vizuri.

Kuna swali lingine ambalo halina adabu ya kuficha ukweli: mama, utanunua ya pili kwa franka zako? Au: jirani yako alipoiona, aliulizia bei? Mtu aliyetoa pesa yake mwenyewe, hata kidogo, anakuwa mkali. Anarudi kulalamika. Anaonyesha mahali mpini unapomchoma. Malalamiko hayo ni mali kwa mtengenezaji kuliko hotuba zote za siku ya uzinduzi. Lakini miradi mingi inagawa bure, inahesabu vilivyogawiwa, inafunga. Hakuna anayerudi kuhesabu vinavyotumika.

Watu wasidhani kwamba kosa hili ni la Goma peke yake, au la maskini. Afrika Kusini kulibuniwa pampu ya maji inayozungushwa na watoto wakicheza, iliyoitwa PlayPump. Watoto wanazunguka kwenye bembea ya duara, maji yanapanda kwenye tangi, na ubao wa matangazo kwenye tangi unalipa gharama za matengenezo. Wazo tamu. Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 huko Marekani, mke wa rais, Laura Bush, alitangaza mchango wa dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 katika nchi 10 za Afrika kufikia 2010. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja iwape maji watu waliokusudiwa, watoto wangepaswa kucheza masaa 27 kwa siku. Watoto walichoka. Wamama, pamoja na bibi wazee, walibaki kuisukuma bembea ile kwa mikono, wakati pampu ya kawaida ya mkono ingewapa maji kwa jasho dogo na kwa bei ndogo zaidi. Ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuweza kuigusa, ikangoja miezi. Na matangazo? Ni kampuni gani italipa kutangaza bidhaa kwenye kijiji ambacho hakuna anayeweza kuinunua? Mwaka 2010 mpango ule ulikuwa umekwisha kwa sura yake ya kwanza.

Milioni zile zilitoka kwa watu waliosoma. Walikosa kukaa kisimani siku moja nzima, asubuhi hadi giza, na kuhesabu nani anakuja, na ndoo ngapi, na saa ngapi watoto wako shuleni.

Sasa chukudu. Ilianza miaka ya 1970, wakati wa Zaire, na hakuna aliyeiandikia mradi. Mbao ngumu, mikaratusi, misumari, mpira wa gurudumu la gari lililochakaa uliozungushiwa tairi za mti. Inabeba mamia ya kilo: viazi na kabichi kutoka Kibumba, makala, mbao, saruji. Barabara ya kuingia Goma kutoka kaskazini inateremka, na chukudu inautumia mteremko huo kama injini. Anayeiendesha anaweka goti moja juu ya ubao uliotandikwa kipande cha mpira au kandambili kuukuu, mguu mwingine unasukuma. Mji wenyewe umejengwa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ilipomwaga lava mwaka 2002 na tena mwezi wa 5 mwaka 2021, mitaa mizima iligeuka mawe makali yanayokula matairi ya baiskeli. Chukudu ilipita.

Siri yake iko kwenye kuvunjika. Inavunjika kama kitu chochote. Lakini ikivunjika, aliyeitengeneza yuko barabarani, nje kabisa, na panga na patasi yake. Mwenye chukudu anakaa juu ya gogo pale na kumwambia: mbele inanivuta upande wa kushoto nikiwa na mzigo wa makala. Fundi anasikia. Chukudu inayofuata inatoka tofauti kidogo. Chukudu ya leo imesahihishwa mara elfu na watu ambao riziki yao inategemea isahihishwe, na hapakuwa na mtu katikati yao wa kuandika kwamba kila kitu kiko muzuri.

Haifai kuisifu kupita kiasi, kama wanavyofanya watalii wanaopiga picha. Kazi ya chukudu inavunja mgongo na magoti. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwenye gurudumu la nyuma, na mtelemko mkali pamoja na mzigo mkubwa umewaumiza vijana wengi. Pikipiki za magurudumu matatu zinaichukulia wateja, na hilo si dhambi. Chombo bora kikija, kije. Ila hicho chombo bora nacho kitapimwa na swali lilelile: bolti hii inapatikana Birere, au inangoja meli?

Birere ni shule ambayo wabunifu wengi wanaikwepa. Pale, karibu na mpaka, kuna mafundi wanaofungua simu, redio, betri, chaja, kila kitu chenye skrubu. Mleteeni fundi wa Birere taa ya jua iliyozima, atauliza jambo moja: inafunguka? Taa nyingi zimegundishwa kwa gundi, betri imefungiwa ndani, haina alama wala kipimo. Betri ikifa, taa nzima imekufa, ingawa sahani yake ya jua ingeweza kufanya kazi miaka mingine. Aliyeifunga kwa gundi alifikiria usafiri wa baharini na sura nzuri dukani. Mtoto anayesomea usiku kartie isiyo na umeme hakuwamo kwenye mawazo yake. Kwa taa hiyo familia ilitoa pesa ya akiba, pengine ya zamu yao kwenye kikundi cha AVEC. Wanapoipoteza hawarudi tena kununua taa ya jua, hata iliyo nzuri. Hapo ndipo ubaya unapokaa: kitu kimoja kibovu kinaharibu soko la vitu vizuri vitano vitakavyofuata.

Kuna mfano mwingine uliopo mbele ya macho ya kila mtu, wa rangi ya njano. Bidoni. Lita 20, mpini juu, kifuniko kinachofungwa kwa mkono. Ilikuja mjini ikiwa na mafuta ya kupikia na ikabaki kubeba maji. Goma haina mto, na mawe yake yanameza mvua. Maji yanatoka ziwani, kwa mabomba ya REGIDESO yanapofika, na kwa mgongo, chukudu na pikipiki pale yasipofika. Kila mtoto anajua uzito wa bidoni iliyojaa. Hata hivyo wanaoleta vifaa vya maji wanaendelea kuleta ndoo ya lita 10 yenye kichujio, ambayo bidoni haimiminiki ndani yake bila kumwaga, na bomba fupi ambalo bidoni haiingii chini yake.

Linganisha na kilichofanyika ufukweni wakati wa kipindupindu, ugonjwa ambao Goma inaujua tangu mwezi wa 7 mwaka 1994, ulipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji. Mtu anasimama mahali ambapo watu tayari wanachota, na bomba la sindano lenye maji ya klorini. Bidoni inajazwa, anaingiza kipimo chake, mwenye bidoni anafunga na kwenda. Hakubadilishiwa njia, hakubadilishiwa chombo, hakufundishwa chochote kwa masaa mawili ndani ya hema. Hadi anafika nyumbani, dawa imeanza kufanya kazi. Hakuna jopo la waamuzi ambalo lingempa zawadi mtu mwenye bomba la sindano. Lakini aliyebuni mpango ule aliitazama bidoni kwanza.

Nairobi pia ina somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kenya lilitengenezwa jiko la makala lenye ngozi ya bati na tumbo la udongo, wazo likiwa limetolewa kwa majiko ya Thailand. Ya kwanza yalikuwa na kasoro, udongo ulipasuka. Tofauti ni kwamba kasoro zilirudi kwa mafundi wa jua kali na kwa wamama waliopikia, umbo likabadilishwa, na jiko likauzwa sokoni na watu waliolitegemea kwa faida yao, likawekewa washindani na hata waigaji. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa kwenye mamia ya maelfu ya nyumba za Kenya na lilishavuka mipaka. Vile vile M-Pesa. Majaribio yake ya 2005 yalikusudiwa watu walipie mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Waliokuwa na mradi wangeweza kuwakaripia kwamba wanatumia vibaya. Badala yake walitazama, wakauacha mkopo, na Machi 2007 Safaricom ikazindua kile ambacho watu walikuwa wanakifanya tayari. Hapa Goma, tangu mabenki yalipofungwa mwisho wa Januari 2025, kila nyumba inajua maana ya kutuma pesa kwa simu.

Wabunifu vijana wanapoambiwa haya wanajibu kwamba hawana pesa za kujaribu. Jibu hilo halisimami. Kutengeneza mbabula 5 na kuzipeleka kwa wauza sambaza 5 wa soko la Virunga kunagharimu kidogo kuliko chumba cha mkutano cha nusu siku. Kinachogharimu ni kitu kingine: kusikia kwamba wazo lako ni baya, kutoka kwa mama ambaye hakumaliza shule, wakati jopo lilishakupigia makofi.

Wengine wanasema mteja hajui anachotaka. Angeulizwa, angeomba punda badala ya chukudu. Pengine. Mteja hana kazi ya kubuni. Ila anajua kabisa kinachomuuma, kinachomchoma, kinachomkatia franka, na hayo ndiyo anayotakiwa kuulizwa. Na wengine, hasa wafadhili, wanasema kushindwa ni sehemu ya uvumbuzi. Ni kweli, kama anayeshindwa ndiye anayelipa. Mpaka leo Goma, mbunifu akishindwa anapata cheti cha ushiriki na safari ya Kigali kueleza «masomo aliyojifunza». Mama akishindwa, mtaji wa maandazi umekwenda.

Kwa hiyo lawama kubwa haiwaendei vijana. Vijana wanatengeneza kile kinachonunuliwa, na mnunuzi wao kwa sasa ni jopo. Jopo linapenda neno jipya, linapenda programu ya simu hata kwa mtu anayenunua mega za siku moja na kuchajisha simu kwa jirani, linapenda mchoro wenye mshale unaopanda. Haliulizi bei ya kipuri. Mashindano yanaandaliwa mwezi mmoja, zawadi inatolewa jioni moja, na fomu ya ripoti inataka idadi ya waliofikiwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Mabadiliko yanayotakiwa si magumu kuyaeleza. Mwenye pesa za uvumbuzi atoe robo tu siku ya makofi. Inayobaki ingoje majira yote ya mvua, toka Septemba hadi Desemba, wakati kuni na makala vimelowa, njia za Ndosho na Majengo ni tope, na kila kitu kinapikiwa ndani. Mwezi wa kwanza waamuzi watoke hotelini, wapande kwenye avenyu bila fulana na bila kutangaza, wahesabu vitu vinavyotumika, na wamuulize fundi wa karibu kama aliwahi kukifungua kimojawapo. Ndani ya jopo lenyewe wakae muuza makala mmoja, fundi mmoja wa Birere na mama mmoja anayepika kwa ajili ya kuuza, walipwe posho sawa na ile ya mtaalamu anayefika kwa ndege, na kura zao zihesabiwe.

Wako watakaolalamika kwamba utaratibu huo utapunguza idadi ya miradi. Utapunguza.